Kafuri kwenye Beseni la Mifupa

Jumatatu, 6 Oktoba

Basi limechelewa tena Woolwich. Nimefika, nimevaa glavu, nimekaa mbele ya beseni langu. Mbavu za wafu wa kale asubuhi nzima. Maji baridi, mswaki laini, usisugue sana, weka kwenye trei zikauke. Miaka yote nimeosha maiti wa kike msikitini kwetu, nikadhani nimeshaona kila kitu. Kumbe sijaona. Hapa watu wanaoshwa huku redio inaimba, na kikombe cha chai kimewekwa kando ya fuvu.

Mwanangu Salma ndiye aliyeniingiza. Kasomea kazi hii ya kufukua mambo ya kale, na tangu nistaafu hataki nikae nyumbani nikitazama ukuta. Ahsante mwanangu, lakini ungenionya.

Jumanne, 7 Oktoba

Salma kanieleza habari za mahali hapa. Zamani sana palikuwa na hospitali ya maskini. Tajiri alitoa ardhi na kodi ya mashamba yake. Mgonjwa anapewa kitanda, mkate na moto, halipi kitu. Sharti lake moja: kila siku amwombee dua tajiri huyo. Nikamwambia, hiyo ni wakfu. Akacheka, akakubali kwa Kiingereza chake. "I suppose so, Mama."

Sasa panajengwa fleti, ndiyo maana wagonjwa waliozikwa hapo wanafukuliwa. Nikauliza watazikwa lini tena. Kwanza sandukuni, stoo, maabara iwapime. Mpaka lini? Hakuna aliyepanga. Chakula kimenishinda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo nimeshtuka. Trei mpya. Mikono haina ncha za vidole, mifupa imechongoka kama penseli. Ukoma. Mwanamke, wamesema, umri kama wa Salma. Masikini, mtoto wa watu! Katandazwa mezani, kila apitaye anachungulia.

Walipokwenda kula nikamfunika kwa mtandio wangu. Nikamwosha chini ya nguo, kulia kwanza, kama ninavyoosha wetu. Si Mwislamu, najua, na hili si josho la sharia. Lakini mtu ni mtu, na stara ni stara. Maji ya mwisho nikatia kafuri, kama kwa kila maiti; siikosi mkobani. Nikamalizia meno. Akanukia vizuri.

Jumatatu, 13 Oktoba

Harufu ndiyo iliyonisema. Salma kaingia, kanusa, kasimama. "Mama, what did you put on her?" Nikamwambia: kafuri. Uso ukamsawijika. Meno yale yalikuwa ya kwenda maabara. Kafuri imeshaingia, majibu hayataaminika tena. Na yeye ndiye aliyenidhamini kwamba nazijua taratibu.

Kaitwa na bosi wake. Mimi nimeambiwa nirudi nyumbani, nisije tena. Nimemharibia mwanangu kazi. Nimelia ndani ya basi mbele za watu, wala sikuona haya.

Jumanne, 21 Oktoba

Hajafukuzwa, alhamdulillahi. Kapewa onyo, katolewa kwenye kufukua, kawekwa ofisini kwenye kompyuta. Kazi anayoichukia. Simu zangu hapokei. Jumapili nilimpikia pweza wa nazi, hakuja. Nimemwaga sufuria nzima. Nina hasira naye, na zaidi na nafsi yangu.

Ijumaa, 5 Desemba

Salma kaja bila kupiga simu. "Vaa koti." Teksi. Makaburini.

Sanduku dogo: yule mwanamke wa ukoma. Vipimo na picha zimekwisha, na kwa maabara hana faida tena kwa sababu ya kafuri yangu. Kwa hiyo kanisa limeruhusiwa kumzika. Yeye peke yake. Wenzake wote wamo stoo.

Kasisi kasoma yake, mimi nimesimama nyuma. Kwetu wanawake hatuendi kuzika. Nimeosha wangapi, na sijawahi kuona hata mmoja akiteremshwa. Salma kanishika mkono.

Njiani tukirudi kaniuliza, kwa Kiswahili, kama ningefanya tena. Nikasema la, kwa ajili yako. Kisha kasema mtandio wangu uliobaki kazini nisiutafute. Kamfunika nao mwenyewe, kabla sanduku halijafungwa.

Nimemwambia Jumapili napika pweza. Kasema atakuja.