Buji Yako ya Kwanza Ilinukia

Baba Ilunga,

Sikuulizi habari yako, habari yako naijua. Nitakupa ya hapa nyumbani, na haiko muzuri. Odette haiko tena mu nyumba. Bandugu yako balimurudisha kwao Kasenga, siku tatu tu nyuma ya kukuzika, na sanduku moja ku kichwa na mujukuu yetu ku mugongo. Banasema yeye njo alikuua. Banasema aliwasha moto ya makala kwa mukono yake, na muntu mwenye anawasha makala na muzee anakufa palepale, ule muntu iko mulozi, muchawi. Kasongo, mudogo yako, alisema vile mbele ya bantu bote, kofia yako iko tayari ku kichwa yake. Na Ilunga, mutoto yetu, mwenye alimuoa Odette ku kanisa, alikuwa anaangalia viatu yake.

Mimi nilinyamaza. Nilikaa ku mukeka ya mufiwa na kitambaa ku macho, nikanyamaza, na najua kwa nini dirisha ya chumba yenye ulikufia ilifungwa.

Sasa sikiliza. Ulikuwaka unapenda kunikatiza, leo utasikiliza mpaka mwisho.

Unakumbuka sufuria. Nilirudi ku soko jua kali, samaki haikuuzika hata nusu, miguu imevimba. Nikakuta sufuria yangu kubwa, ile mama yangu alinipatiaka siku ya ndoa, iko juu ya mbabula, jiko ya makala. Ndani mulikuwa nta ya nyuki, ile ulinunua kwa bantu ba asali ku barabara, na majani ya sitroneli, ile ya kutia mu chai, yenye ulikata nyuma ya nyumba. Wewe ulikuwa umekaa ku kiti kama shefu wa kiwanda, unakoroga na kijiko yangu. Uliacha majani ndani ya nta asubuhi yote, moto kidogo kidogo, kisha ukachuja na kitambaa yangu ya kichwa. Kitambaa yangu ya kanisa, Baba Ilunga. Hukuona nguo ingine mu nyumba nzima.

Siku mbili nyuma yake ukawasha ile buji, mushumaa yenye ulifanya na ile nta, ukaiweka mbele yangu ku meza. Ukasema: "Mama Ilunga, inanukia?"

Uliuliza juu wewe hukuweza kujua. Pua yako ilikufa kule ku kazi, mu kiwanda ya asidi, bado uko kijana. Nilikuwa naweza kuunguza mboga mbele yako na wewe ungeuliza, chakula iko tayari? Mu ile nyumba pua yenye uliamini ilikuwa moja tu, yangu.

Ilinukia. Nakuambia leo. Ilinukia polepole, bila kelele, kama kikombe ya chai yenye muntu anakuletea ku kitanda wakati uko mugonjwa. Hata ukiizima, harufu ilibaki ku rido ya dirisha mpaka asubuhi.

Nikakujibu: "Inanuka nta. Na sufuria yangu, nani ataisafisha?"

Hasira ya sufuria ilinitoka nyuma ya juma moja. Hapo ningeweza kusema, mume wangu, nilikudanganya, ile buji iko muzuri, fanya zingine. Sikusema. Unanijua. Nikishasema, nimesema. Bamama ku soko banajua, hata padri anajua. Nilikuwa naona iko kiburi ya mwanamuke mwenye akili. Sasa naona iko tu kiburi.

Basi ukaanza kutafuta. Ulisaga kaneli, ile mudalasini, ukaimwaga ndani ya nta. Unga ikazama, ikakaa ku utambi, moto ikafa mara tatu. Ungeuliza mwanamuke yeyote, angekuambia unga inazama. Kisha ukachukua parfe yangu, marashi yenye Ilunga alileta toka Kolwezi ku mwaka mupya, ukaimwaga ndani ya nta ya moto. Parfe iko pombe na maji, haipatani na nta. Ikakurukia ku mukono, ngozi ikatoka, na wewe uko unasema "haiko kintu, haiko kintu." Nikakufunga kitambaa na nikakutukana pamoja.

Kisha mafuta ya kalitusi. Mara ya kwanza uliitia wakati nta bado inachemuka, harufu yote ikapanda juu ikaenda kwa majirani. Mama Chantal alikuja ku lupango, mu kiwanja yetu, kuuliza nani iko na mafua. Ndani ya buji haikubaki kitu. Lakini ukajifunza mwenyewe, bila mwalimu. Ukaanza kungojea nta itulie, mpaka inafanya ngozi nyeupe ku pembeni, njo unatia mafuta na kukoroga pole, njo unamwaga. Zile buji zilinukia muzuri, za pili nyuma ya sitroneli. Nikasema: "Inanuka hospitali."

Ukalowesha utambi ndani ya mafuta, ikanukia dakika mbili, nyuma yake moshi tu. Hapo sikukudanganya, hapo ilikuwa mubaya kweli. Ukatonesha mafuta mbele ya moto, pale nta inayeyuka kama kiziwa kidogo, na ile ilinukia sana, na nikasema sisikii. Miaka mbili, Baba Ilunga. Kila buji uliniwekea mbele ya uso, na kila mara uliniangalia kama mutoto mwenye anangojea mwalimu asome daftari yake.

Siku moja niliuliza: "Unatafuta nini mu hii kazi ya bibi-arusi? Bantu banataka buji ya kuona chakula, courant ya umeme ikikatika." Ukasema: "Miaka yote nilikuletea harufu ya asidi mu nguo. Ulifua, hukulalamika. Sasa nataka uingie mu nyumba yako unuse kintu muzuri."

Nililalamika, wewe ulisahau. Nililalamika kila siku ya posho. Lakini ile siku mudomo yangu ilifunguka kusema kweli, nikaifunga tena. Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Na wiki ya mwisho nikasema neno yenye ilikuua. Nakumbuka nilikuwa nachambua maharagi, sikukuangalia hata. Nikasema: "Hii nyumba upepo inapita kila pembe. Hata kama ingenukia, harufu ingekaa wapi?"

Ilikuwa baridi ile asubuhi. Odette aliwasha mbabula inje, mu lupango, juu munganga alikatazaka kuiwasha ndani kwa sababu ya kifua yako, na aliiacha pale inje. Aliniambia, na Mama Chantal alimuona. Kisha alienda kufua nguo za mutoto. Wewe njo uliiingiza ndani kuyeyusha nta yako. Wewe njo ulifunga dirisha, ukasukuma blanketi chini ya mulango, ukateremusha rido. Ulitaka nikirudi nikute harufu yote ndani, haijatoka hata kidogo, ili nisipate tena neno ya kusema.

Nilirudi saa sita. Nilisukuma mulango, blanketi ikakataa. Nikasukuma na bega. Ulikuwa umelaza kichwa ku meza, kijiko mu mukono, nta imemwagika mpaka ku simenti. Moto ya buji ilikuwa imezimika.

Na nyumba ilinukia. Sijawaambia bantu hii. Nilisimama pale na nikanusa, mbele ya kulia, mbele ya kukugusa. Ilikuwa sitroneli. Ulikuwa umerudia ile ya kwanza.

Munganga wa hospitali alieleza: makala ndani ya chumba yenye imefungwa inaua bila moshi, muntu analala tu. Alieleza muzuri, hata mimi mwenye sikumaliza masomo nilisikia. Kasongo akamujibu: "Docteur, wewe unajua kintu yenye ilimuua. Hujui nani aliituma." Bantu bakaitika na kichwa. Bakageuka kumuangalia Odette, na yeye akashika mutoto kwa nguvu mpaka mutoto akalia.

Ningeweza kusimama palepale. Magoti yangu ilikuwa muzima. Lakini kusema Odette haina kosa, ilibidi niseme dirisha ilifungwa kwa nini, na kusema dirisha, ilibidi niseme miaka mbili ya uongo, mbele ya bandugu yako, mbele ya Mama Chantal, mbele ya bamama ba kanisa benye nawafundisha namna ya kukaa na bwana mu nyumba. Nikashindwa. Mutoto wa bantu akabeba mizigo yangu ku kichwa pamoja na sanduku yake.

Jumamosi nilimuita Kasongo na Ilunga. Nikawaambia yote, toka sufuria mpaka maharagi. Sikulia, nilisema kama muntu anasoma tangazo. Unajua balijibu nini? Kasongo akasema: "Mama muzee, iko uchungu. Wajane bote banajibebesha makosa." Akaomba baniletee maji. Ilunga akanishika bega. Miaka yote banasema niko na mudomo mukali, na siku moja yenye nimesema kweli ya kuniaibisha, banasema niko na huzuni, nipumzike. Kweli yangu haina kazi kwao. Kama iko mimi, banakosa muntu ya kufukuza.

Basi sitasema tena na wao. Siku ya ine, Alhamisi, ninapanda camion, lori ya samaki yenye inarudi Kasenga. Najua barabara, najua vumbi, najua mugongo yangu, usiniambie. Nitaingia kwao Odette na nitaongea mbele ya mama yake, si pembeni. Nitasema nilijua na nilinyamaza. Kama ananitemea mate, nitapangusa. Kama hataki kurudi, haki yake, na siku ya kutoa kilio yako, ya kumaliza matanga, mukeka ya mufiwa itabaki bila muntu, juu mimi nitakuwa Kasenga nikiuza samaki pamoja naye. Bandugu yako bakule na bakunywe peke yao.

Kama anakubali, atakaa karibu yangu ku ule mukeka, bega kwa bega. Mwenye anataka kumuinua, aniinue mimi kwanza, na mimi niko muzito.

Sikuombi unisamehe. Wewe huwezi tena kukataa, na musamaha ya muntu mwenye hawezi kukataa haina kazi. Odette anaweza kukataa. Njo maana naenda kwake.

Lala sasa, bwana yangu. Kama siku moja nikirudi peke yangu, sitakuja ku kaburi kukuambia nilijaribu. Nikirudi naye, nitamuacha asimame mbele yako aseme yenye anataka juu yangu, na mimi, kwa mara moja mu maisha yangu, nitafunga mudomo.

Mama Ilunga