Pete ya Mama Rhobi

Newala

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na yale matone ya macho, bado unaweka? Mimi huku ni mzima, watoto wa darasa la tatu wameanza kunizoea, ingawa wananicheka ninavyotamka maneno kwa lafudhi ya kwetu. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu huwa unanisamehe kabla sijamaliza kusema. Mdogo wangu Wegesa akusomee hii, taratibu.

Mama, mwezi uliopita nilikuja Musoma na sikukuambia.

Ni kile chama chetu cha mazingaombwe, ulichokuwa unaniulizaga, "Mnafanyaga nini humo, mbona mapazia mnafunga?" Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana nyuma ya saluni ya Mzee Masatu, mwenyekiti wetu. Kila mmoja anaonyesha mchezo mpya na wengine wanamwangalia vidole. Nilikaa kwenye mabasi siku tatu kwenda kuomba ruhusa ya kusema siri ya ile pete.

Siku ya komunio ya kwanza ya mtoto wa kaka, hapo nyumbani Nyasura, Bunda, niliazima pete ya ndoa ya jirani yetu Mama Rhobi, nikaipoteza mbele ya wageni, halafu nikaitoa kwenye fundo la kitenge chako. Mimi nilipigiwa makofi. Wewe ulishtuka hadi ukamwaga chai. Kisha Mama Rhobi akaugua tumbo, akaanza kusema wewe ndiye mwenye dawa, mimi natumwa tu. Wanawake wa jumuiya wakaacha kuja kusali kwako. Wateja wakawa wanaipita meza yako ya dagaa kama hawaioni. Ukanipigia: "Mwanangu, njoo uwaambie tu ulivyofanya." Nikakujibu kwamba tulikula kiapo. Hukuniuliza tena. Na huu uhamisho wa Newala, nilikudanganya. Niliuomba mwenyewe.

Basi nilisimama mbele ya wanachama nikaeleza yote. Mzee Masatu akaweka karata zake chini.

"Hayo yalianza lini?"

"Mwaka jana, baada ya Pasaka."

"Na hukunipigia simu?"

"Niliheshimu kiapo, mzee."

"Tuliapa tusiwaharibie watu mchezo. Sasa mama yako anaitwa mchawi, na wewe unatunza mchezo?" Hakupaza sauti. "Ungeniuliza, ningekuruhusu siku hiyohiyo."

Kwa kweli haikuwa kiapo, Mama. Nilipenda vile watu walivyoshangaa, nikaogopa wakijua ilivyokuwa rahisi wataniona si kitu.

Ilikuwa hivi. Asubuhi ile nilipokunyooshea kitenge, nilifunga kwenye ncha yake kapete ka shaba ka sokoni Musoma. Pete ya Mama Rhobi haikutoka kiganjani mwangu. Nilipofungua fundo nikazibadilisha, nikamrudishia yake. Wewe hukujua lolote. Wegesa aisome sehemu hii mbele ya jumuiya, hata mara mbili. Likizo ya Desemba nitakuja niwaonyeshe polepole, mikono ikiwa wazi.

Kuna jingine. Wakati wa kurudi, basi lilisimama Bunda kupakia abiria. Nilikuona ng'ambo ya barabara, umekaa kwenye meza yako, unageuza dagaa, na hakuna aliyesimama kununua. Ruhusa nilikuwa nayo tayari, na bado sikushuka. Niliinama kama nafunga kiatu mpaka basi likaondoka. Hilo sina wa kumsingizia.

Msalimie kaka na mkewe, na yule mjukuu wako wa komunio. Msalimie shangazi wa Butiama anayekuletea maziwa. Nasikia yeye hakuacha kuja hata wiki moja. Mama Rhobi naye mpe shikamoo yangu, hata kama hataitikia.

Ukishasomewa haya, usinipigie kuniambia yameisha. Ngoja kwanza jumuiya waje tena kusali kwako, ndipo unipigie.

Ni mimi binti yako,
Nyabwire