Shamba la Mapeasi Usiliuze

Dar es Salaam, 14 Agosti 1999

Dada Evelina, shikamoo.

Mdogo wako nina bahati kuliko mbunge! Nimepasuliwa shingo kwenye hospitali yenye viyoyozi, na bima ya kampuni imelipa kila kitu. Mfukoni mwangu haikutoka hata thumni.

Kwa hiyo lile shamba la baba ulilotaka kuuza nitibiwe, usiliuze. Huyo mnunuzi mwambie arudi kwao Mombo.

Nimevalishwa kola ngumu, natembea kama mkuu wa wilaya, chini sitazami. Jana nesi kaniuliza, "Silvano, mkono bado una ganzi?" Nikamwambia, "Lete kalamu uone." Basi barua hii yote nimeandika kwa mkono uleule ulioshindwa kufunga kifungo cha shati. Mapeasi yakiiva nitakuja kuyachuma mwenyewe.

Wasalimie wote hapo Rangwi.

Mdogo wako,
Silvano

Dada, nimeisoma tena nikaona aibu. Bima ililipa kitanda na daktari. Vyuma nilivyofungwa ndani ya shingo, watu wa bima walisema havimo kwenye mkataba, nikauza pikapu yangu. Ile bahati nilikudanganya.