Plamu za Mwitu Nilizozipika Kama Ubuyu

Jumamosi, Irving, huku ughaibuni. Joto kali.

Nyuma ya fleti zetu, kando ya ua, kuna vichaka vya plamu za mwitu. Jirani yangu Bi Rukia, Mzanzibari aliyetangulia kuja huku, alinifunza kuzijua: jani lina meno madogo, matawi yana miiba, tunda lina vumbi jeupe kama poda, na ndani kokwa moja tu. Nikazikagua moja moja. Nyingine nikapika jemu, nyingine sharubati.

Zilizobaki, hamu ya Mombasa ikanishika. Nikazipika kama ubuyu, na kokwa zake ndani: sukari, iliki, pilipili, rangi nyekundu. Nikaacha bakuli mezani, nikaenda kuswali alasiri.

Kurudi, Nasra wangu wa miaka mitatu ni mwekundu hadi masikioni. Bakuli tupu.

“Kokwa ziko wapi, mama?” nikamuuliza.

“In my tummy!” Ati ziko tumboni, na anacheka.

Bi Rukia alikuwa ndio anaingia. “Weye! Kokwa ya plamu si mbegu ya ubuyu! Ikitafunwa ina sumu!”

Nikakimbilia simu.

Baba Nasra yuko njiani na lori kwenda Houston, simu hashiki. Nikapiga ile namba ya huku ya kusaidia waliokula sumu. Kiingereza chote kikanikimbia. Mama aliyepokea simu akaniuliza taratibu: amezitafuna, au amezimeza nzima? Nzima kwa kawaida hutoka zenyewe. Zilizotafunwa ndizo za kuogopwa.

Sijui. Mama mzima, sijui.

Nikampa Nasra tende, nimtazame afanyavyo. Akala nyama yake. Kokwa akaitoa, akaisukuma katikati ya mito ya kochi.

Nikatia mkono humo. Kokwa nyekundu, zanata, nzima. Nyingi!

Nililia kwa sauti. Bi Rukia akaketi chini akicheka: “Mwongo huyu! Huyu atakuwa wakili.”

Mama wa kwenye simu kasema nimwangalie tu. Akitapika au akilegea, nipige namba ya dharura mara moja. Sasa amelala pajani mwangu, apumua vizuri. Jemu nitaiweka. Plamu nitachuma tena, inshallah, ila kokwa nitatoa kabla ya kupika.

Lakini wakati wa kupika sikuzihesabu. Siwezi kujua kama za kwenye kochi ndizo zote.

Basi leo simwachi. Mguu umekufa ganzi, na siuondoi.