Manowari Inayojificha Nyuma ya Kisiwa

La Spezia, Jumapili

Mdogo wangu Livio,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Natumaini Milano haijakukondesha. Sisi wazima, isipokuwa goti la Baba, ambalo hutabiri mvua vizuri kuliko redio. Kiburi chake nacho kizima. Tangu uache kazi bandarini ukachore meli za mchezo wa kompyuta, jina lako halitamki, anakuita “Bwana Vikatuni” tu.

Simu yako ya juzi ilinichekesha, kisha ikaninyima raha. Ulisema umemaliza kuichora Braccio da Montone, manowari nyepesi aliyokuwamo Babu Amilcare vitani, na kwamba jioni unaingia mchezoni kuona watu wanavyoiendesha. Ukanieleza habari za yule mchezaji anayeipeleka nyuma ya kisiwa kila mara na kutulia, hapigi hata risasi. Ulimwandikia, “Toka huko, mwoga we! Unakaanga samaki?” Alhamisi ukachoka, ukamzamisha, ingawa mlikuwa upande mmoja.

Sasa Alhamisi hiyohiyo Baba alikaa mezani asiguse supu yake ya mesciua. Baba, kuacha mesciua! Udadisi wangu unaujua. Kesho yake, alipoaga kwamba anakwenda kujinyoosha, nikamfuata mpaka chumba cha stoo, alikoweka mume wangu Gino kompyuta yake.

Nilimkuta kavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Ameegemeza kwenye kioo cha kompyuta ile picha ya Babu akiwa na brashi, anapaka mistari myekundu na myeupe kwenye omo, sitaha ya mbele ya meli. Alishtuka kama mwizi, akadai alitaka tu kuona ulivyoharibu. Nikamwuliza umeharibu wapi. Akanung’unika kwamba ametafuta wiki nzima hajaona, hata mistari umeiweka.

Nikamwuliza mbona hapigani. Akasema meli ile ilitoka kusindikiza msafara wa meli za mizigo kwenda Tripoli, ikazama na baba yake, yeye akiwa bado tumboni mwa mama.

“Safari hii haitoki,” akaniambia. “Baba yangu akae hapohapo, apumzike.”

Livio, mwoga wako ni Baba.

Hajui kuwa ni wewe uliyemzamisha, nami sikuwa na moyo wa kumwambia. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo iliyonitia uchungu, mtu wa kwetu anawezaje kutupiga na mistari ameiona. Wewe unajua vizuri kuliko mimi kwa nini akina Babu waliipaka: marubani wetu walikuwa wakizidondoshea mabomu meli zetu wenyewe kwa kutozitambua. Na hii umeichora kwa mkono wako.

Njoo Pasaka. Ukishindwa, basi ingia mchezoni Alhamisi, egesha meli yako ubavuni mwake pale nyuma ya kisiwa, na usiandike neno. Ukikaa kimya tu atajua ni wewe.

Gino anakusalimu, na goti pia.

Dada yako akupendaye,
Fiorenza