Kijiji Kilichofutika kwenye Ramani

Mama yangu mpenzi,

Amani ya Kristo iwe nawe, na miguu yako iwe imepata nafuu baada ya baridi. Asali imefika, ahsante. Masista wameimaliza kabla sijaificha. Mimi ni mzima, na mdomo wangu ni ule ule uliokuaibisha kwa majirani.

Ile ramani ya dunia tuliyoichora juu ya ngozi za mbuzi zilizoshonwa pamoja imetundikwa kanisani: Yerusalemu katikati, kichwa cha Kristo juu, miguu yake chini, na kati yake miji, ngamia na simba. Watu humiminika kuitazama. Kila mmoja hutafuta kwao, kisha hupabonyeza kwa kidole chenye mafuta ya nguruwe: hapa, jamani, mimi ni wa hapa! Mji wa Luneburgi, niliouchorea minara kwa ncha ya unywele, umebaki kipara.

Nikawaka. Kwenye baraza la masista nilidai ramani ipandishwe darini, na anayetaka kushika kwao abaki kwao. Padre Liudolf, msimamizi wetu, akaniambia nitulie, kwani hata Mtume Tomaso aliruhusiwa kugusa majeraha ya Kristo. Nikamjibu kwamba Tomaso walau alinawa. Masista wakacheka, nikajua nimeshinda.

Ndipo Mama Mkuu Ermengard, asiyependa maneno mengi, akauliza: na hiki kijiji cha Hollenbek kando ya mto kimefutwa na nani, maana hajaja mgeni yeyote kutoka huko?

Mama, ni mimi. Nilikichora bila ruhusa, paa letu na mtufaa wako tu, kwa kuwa ramani iliyochorwa hata wale watu wa ajabu wa miisho ya dunia wasio na midomo haiwezi kukosa nafasi ya mama yangu. Kila nikienda sala ya alfajiri, kidole hujiendea chenyewe. Nilikiri mbele ya wote. Mama Mkuu akaniuliza kama ramani ikipanda darini nami nitaletewa ngazi. Hata Padre alishika mbavu kwa kicheko.

Ramani imebaki chini. Adhabu yangu ni kupaka rangi upya kila mji unaofutwa. Luneburgi nimeumaliza. Hollenbek nimesingizia rangi imeisha. Mama Mkuu amejua naongopa, akaniachia.

Mavuno yakiisha, mwambie kaka Wulfhard akulete kwa mkokoteni. Gusa wewe kwanza, ndipo nipake.

Wasalimie wote, hata wale niliogombana nao.

Mwanao akupendaye,
Odelhild