Konzi ya Udongo wa Ayyanar

Kurichipatti, wilaya ya Pudukkottai
3 Novemba 1993

Mdogo wangu Karuppaiah,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mvua imejaza bwawa mpaka ukingoni, na ng'ombe amezaa jike. Baba yupo, ila mkono wake wa kulia sasa unatetemeka hata akishika kikombe. Wewe je, mzima huko Madras? Najua u mzima, maana mwalimu Susai ametuletea kipeperushi chako cha watalii.

Alitusomea chote barazani. Eti wilaya yetu ni "lulu iliyofichika." Imefichwa na nani, wakati sisi tupo hapa miaka yote? Umeisifu ngome ya Thirumayam. Umeusifu mchoro wa bwawa la mayungiyungi kwenye dari ya pango la Sittannavasal, wewe ambaye siku shule ilipotupeleka ulibaki chini ya mwamba ukililia tumbo. Hayo niliyacheka tu. Kisha tukafika kwenye picha ya farasi wetu, yule mkubwa wa udongo aliyesimama mbele ya Ayyanar, mungu mlinzi wa kijiji chetu, kule msituni, na chini yake umeandika: mfinyanzi hajulikani.

Hajulikani! Mtu aliyekuzaa! Baba alimwomba mwalimu arudie, labda amesoma vibaya. Mwalimu akarudia. Baba akanyanyuka, akaenda kumwangalia ng'ombe.

Sasa sikia jambo lenyewe. Mwezi wa tano Ayyanar anataka farasi wapya wa kupanda, wale wa zamani wengi wamebaki miguu tu. Wazee watatoa konzi ya udongo kama kawaida. Anayeipokea ndiye mwenye kazi, na tangu babu wa babu imepokelewa na mkono wa nyumba hii. Mkono wa baba hauwezi tena. Usipokuja wewe, watampa yule mwashi wa Aranthangi anayetengeneza farasi wa saruji, na kazi itakuwa imetoka nyumbani kwetu moja kwa moja. Siku hizi sahani ya baba inarudi jikoni kama ilivyokwenda.

Dada yako,
Alagammal


Madras, 24 Novemba 1993

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Mpe baba pole ya mkono, na hongereni kwa ndama.

Hilo la kipeperushi mmelikuza bure. Wageni hawasomi majina, na jina la baba lingejaza mstari mzima. Huku hata mimi naitwa Ashok, inatosha. Nina meza yangu, na feni juu ya kichwa. Sikusoma ili nirudi kukanyaga matope. Na kazi yenyewe ni ipi? Mnamfinyanga farasi kwa miezi, mnambeba kwa vigelegele mpaka msituni, halafu mnamwacha mvuani amomonyoke, mkafinyange mwingine. Hiyo si kazi, hiyo ni adhabu. Mwacheni mwashi afanye. Saruji angalau inadumu.

Nina ombi moja tu. Januari, baada ya sikukuu ya Pongal, naleta Wafaransa kumi na wawili. Watatazama pango, ngome, halafu farasi. Waombe wazee watuoneshe ile shughuli ya kutoa konzi, kwa maonesho tu. Nitasimama mimi mahali pa mfinyanzi. Baba asije mbele, mkono unaotetemeka hautapendeza kwenye picha. Mwambie kwa upole.

Mdogo wako,
K. Ashok


Kurichipatti, 4 Desemba 1993

Bwana Ashok,

Marahaba, kama ile ilikuwa shikamoo. Tu wazima, na ndama anaruka uani.

Baba nimemwambia kwa upole kama ulivyoagiza. Nimemsomea barua yako neno kwa neno. Akacheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze. Sijui kilichomchekesha.

Mzee Sinnaiah, mkuu wa kijiji, amekubali. Ila anasema usile nyama wiki hiyo, uje umeoga alfajiri, na umefunga shuka nyeupe kiunoni, suruali hapana. Eti ndivyo itakavyopendeza kwenye picha.

Dada yako,
Alagammal


Madras, 28 Januari 1994

Dada,

Shikamoo, ingawa naitoa kwa shida. Afya yangu si nzuri. Silali.

Mmenifanyia nini? Mimi niliwaeleza wageni mapema kwamba ni igizo. Sinnaiah akachimba penye kwato za farasi wa zamani, akanijaza kiganja, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi, mjinga mkubwa, nikainua mkono juu ili wapige picha vizuri. Mama mmoja wa Kifaransa akatokwa na machozi. Nikaona leo kazi imefana. Basi linawashwa, Sinnaiah akanishika bega: "Haya mwanangu, tanuri unachoma lini? Yule mwashi tumeshamwambia asije."

Nikamwambia, "Mzee, yale yalikuwa maonesho."

"Ayyanar hana maonesho. Umepokea, hukupokea?"

Wageni wanasikiliza, wananiuliza mzee anasema nini. Nikawaambia anatutakia safari njema.

Ninyi ni watu wa hila, na hila zenu ni za kishamba. Wewe ulijua, baba alijua, mpaka wale wapiga vigelegele walijua. Basi udongo wenu huo, umo ndani ya kifurushi hiki. Umo wote, hata ule niliokung'uta mfukoni. Mpeni mwashi. Mimi msinitafute.

K. Ashok


Kurichipatti, 19 Februari 1994

Mdogo wangu,

Pole kwa usingizi. Sisi tunalala vizuri.

Ndiyo, nilijua. Ulitaka kumficha baba nyuma ya nyumba kama ndoo mbovu, nami nikae kimya? Tena ungeniomba mara ya pili ningefanya vilevile.

Kifurushi kimefika. Kipo barazani, hakuna aliyekifungua. Mzee Sinnaiah alikiangalia akacheka mpaka akapaliwa. Anasema ameona watu wakimkimbia mke, wakimkimbia polisi, lakini mtu kuukimbia udongo kwa kuubandika stempu hajapata kuona tangu azaliwe. Ukishapokelewa haurudi. Hapewi mwashi, hapewi mtu mwingine yeyote. Usipokuja, mwaka huu Ayyanar atazunguka kulinda kijiji kwa miguu, kwa hisani yako, bwana mwenye feni.

Usidhani nakubembeleza. Kaa huko huko upepewe. Nakupa habari moja tu ya nyumbani. Tangu siku ile baba ameletewa udongo wa bwawa uani, na kila asubuhi anaukanyaga. Mikono haimtii tena, lakini miguu bado mizima. Anaukanyaga, anaumwagia maji, anaufunika magunia, kesho yake anaufunua na kuanza upya. Umelainika mpaka jirani wanakuja kuushika. Wakimuuliza anamkanyagia nani, anawajibu, "Mfinyanzi hajulikani."

Na sahani sasa inarudi tupu.

Dada yako,
Alagammal


Madras, 30 Machi 1994

Dada,

Shikamoo. Sijambo. Nimekaa na barua yako muda mrefu, nikaandika majibu matatu ya matusi, nikayachana.

Nafika Jumatano ijayo kwa basi la asubuhi. Sitaki mtu kituoni. Sinnaiah asiniambie neno, na wewe nikikuona umetabasamu tu, nageuza na basi lile lile.

Kifurushi kisiguswe. Nitakifungua mwenyewe.

Na mwambie huyo mfinyanzi wenu asiyejulikana, mchanga asitie kwenye udongo mpaka nifike. Kila mara huzidisha. Ndiyo maana yule farasi wa mwisho alipasuka shingo tanurini, halafu akasema nimechochea moto vibaya. Sikuuchochea vibaya. Nilikuwa na miaka kumi na minne na niliuchochea vizuri kabisa. Safari hii mchanga nitapima mimi, na yeye akae kwenye kiti aseme anavyotaka kusema.

Mdogo wako,
Karuppaiah